Mtumbwi wa Maji Machache

Mume wangu alivua samaki uani kwetu Newala kwa zaidi ya miaka ishirini, na uani kwetu hakuna maji. Kuna mikorosho miwili, banda la kuku, kamba ya kuanikia nguo na kisima cha mvua ambacho ikifika mwezi wa kumi unasikia ndoo inakwaruza sakafu. Kila jioni akirudi kutoka shuleni alibadili shati, akanywa chai, kisha akachukua ufito wake na kwenda kusimama katikati ya uwanja. Chini, karibu na banda, alikuwa ameweka sahani ya bati. Anarusha mshipi nyuma, anasubiri unyooke hewani, anaurusha mbele, na kile kinyoya kilichofungwa kwenye ndoano kinakwenda kutua kwenye sahani. Kikitua bila kutoa sauti anafurahi. Kikigonga bati anatikisa kichwa na kuanza upya.

Majirani walimzoea. Mtu akipita na ndoo yake kichwani alisimama kidogo akauliza, "Mwalimu, vipi leo, wamekula?"

"Mmoja tu, mkubwa," alijibu bila kugeuka. "Kanikatia mshipi."

Mimi ndiye niliyekuwa nakasirika. Mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule, na nyuzi zangu nyekundu zilikuwa zinapotea kwa sababu alizitumia kufungia manyoya kwenye ndoano. Jogoo wangu alitembea shingo tupu mwaka mzima. Mara mbili ndoano ilinasa kanga yangu kwenye kamba, na mara ya pili niliichukua ile kanga iliyochanika nikaitandika mezani mahali anapokulia, ili aione vizuri. Akala juu yake kwa adabu zote, akasema mboga imekolea.

Uvuvi huo aliujua tangu ujana wake, kwao Ukerewe, katika Ziwa Viktoria. Alifundishwa na mzungu mmoja aliyekuja kuchimba visima, ambaye siku ya kuondoka alimwachia ule ufito na kijiboksi cha ndoano. Samaki anakiona kinyoya juu ya maji, anadhani ni mdudu, anakula. Haufanyiki kwenye maji marefu. Unafanyika pembeni, kwenye matete, maji yakiwa ya gotini au kiunoni, na mvuvi anasimama mtumbwini na kurusha. Wenzake wenye nyavu walimwona kama mtu aliyerukwa na akili, lakini aliniambia kwamba ndizo siku alizokuwa na raha kuliko zote. Alinieleza hayo mwaka tuliooana. Nilimsikiliza vizuri, kisha nikasahau, kwa sababu nilikuwa na sare arobaini za kumaliza.

Basi, ukakaribia mwaka wake wa kustaafu. Kaka yake mkubwa akamtumia picha kwenye simu: kiwanja chenye majani mafupi, mti mmoja, na nyuma yake ziwa limejaa mpaka mwisho wa picha. Ni cha kwako, kaka akasema, njoo ujenge. Mume wangu alinionyesha nikiwa kwenye cherehani. Niliiangalia, nikasema pazuri, nikaendelea kukanyaga pedeli.

"Unaonaje?" akaniuliza.

"Wewe unaonaje?"

"Tutaona," akasema.

Nimeishi na mtu huyu miaka mingi. Akisema hapana, kuna mahali pa kumbembeleza. Akisema tutaona, ameshaamua, anatafuta tu siku ya kuniambia. Na mimi nisingeweza kwenda. Mama yangu yuko Kitangari, macho yamekwisha, na mimi ndiye binti wake wa pekee. Kwetu Wamakonde mama hamfuati mtoto wa kiume kwa mkwewe; anakaa na binti yake, na binti anakaa na mama yake, mpaka mmoja amzike mwingine. Mume wangu aliyajua hayo tangu siku ya posa. Alikuwa na haki ya kwenda kwao. Mimi nilikuwa na wajibu wa kubaki. Niliona mbele yangu uzee wa kupigiana simu Jumapili, na usiku huo nilijifanya nimelala.

Mtu mwenye akili timamu angemwambia mumewe, tafadhali usiende. Mimi nilikwenda kutafuta mtumbwi.

Nilianzia Masasi, kwa sababu nilikuwa na safari ya kununua vitambaa huko na mdogo wangu wa kiume anaishi huko. Alinipeleka kwa fundi wa kuchomelea vyuma nyuma ya stendi. Fundi alikuwa na boti aliyoitengeneza kwa mabati mazito, pana, imepakwa rangi ya bluu, imekaa juu ya matofali kati ya mageti na vitanda vya chuma.

"Hii haizami, mama," akaniambia, akaipiga ngumi ikalia kama debe.

"Umeijaribu wapi?"

Akaangalia huku na huku, akaangalia na ile milima ya mawe ya Masasi, kama vile ziwa lingetokea katikati yake.

"Bado," akasema.

Nikamshukuru, nikanunua vitambaa vyangu, nikarudi Newala.

Wiki iliyofuata nilishuka mtoni. Ukisimama ukingoni mwa Newala unauona Mto Ruvuma chini kabisa na Msumbiji ng'ambo yake, na unadhani ukirusha jiwe litaangukia majini. Bodaboda ilinishusha kwa saa nzima na zaidi, nimemshika dereva kiunoni na macho nimefumba. Chini kule niliambiwa yuko mchonga mitumbwi, Mmakua mmoja wa umri wangu. Nilimkuta anasikiliza redio huku anakwangua gogo la mwembe. Sisi Wamakonde na Wamakua ni watani, kwa hiyo hakuna aliyepoteza muda kwa adabu.

"Nyie wa juu mmeanza lini kupanda mitumbwi?" akasema baada ya salamu. "Nilidhani mnapanda mikorosho tu."

"Tangu nyie mlipoanza kuchonga visivyovuja," nikamjibu. "Je, mmeshaanza?"

Alicheka, akanipeleka kwenye bwawa la pembeni, maji yaliyobaki mto uliporudi nyuma baada ya masika. Mitumbwi mitatu ilikuwa imepandishwa kwenye mchanga. Mmoja ulikuwa mkubwa, mnene, tumbo limezama hasa, wa kuvushia watu na magunia. Wa pili ulikuwa mwembamba, wa mtu mmoja kutegea nyavu. Wa tatu ulikuwa bapa, mpana, mbavu zake hazinifiki gotini. Huo wa tatu niliuona kama sinia la kuchagulia mchele, nikauruka.

Nikasimama mbele ya ule mkubwa. Niligonga mbao yake kila mahali. Niliingiza mkono kupima kina. Kisha nikamwambia, "Mimina maji."

"Wapi?"

"Ndani. Nataka kuona kama unashika maji."

Aliniangalia kuona kama natania. Alipoona sitanii alikaa chini kabisa mchangani, akamwita mke wake kwa sauti: "Njoo umwone Mmakonde! Anataka maji ndani ya mtumbwi!" Akacheka mpaka akajifuta machozi. "Dada yangu, maji ya mtumbwi yanakaa nje."

Mcheke na ninyi, lakini nataka mnielewe. Mimi nimekua nikishuka bondeni na bibi yangu kufuata maji na kupanda nayo kichwani. Nimejenga kisima kabla sijajenga jiko. Kwetu chombo chochote kinachohusika na maji, iwe mtungi, pipa au tangi, kina sifa moja tu: kinabeba kiasi gani. Kirefu ni kizuri. Kifupi ni umaskini. Nilikuja na macho hayo mpaka mtoni, na hayakunitoka kwa sababu tu nimeona maji mengi.

Akaniuliza swali moja la maana. "Huyo mzee wako anavulia nini? Nyavu? Mtego wa mgono?"

Hapo ndipo nilipokosea zaidi. Niliona aibu. Nilishachekwa vya kutosha siku ile, sikutaka kumwambia Mmakua kwamba mume wangu anavua kwa manyoya ya jogoo na uzi wa cherehani. Nikasema, "Anavua tu."

"Huu ni wa kuvushia, dada. Si wa kuvulia."

"Nautaka huo huo," nikasema. Nikaulipia kwa pesa za korosho zangu za mwaka ule, nikauacha kwake, nikapanda bodaboda nikijisifu moyoni.

Mume wangu akastaafu. Walimu wenzake walimpikia pilau. Siku ya tano baada ya hapo niliingia chumbani nikamkuta ameshusha begi lake kutoka juu ya kabati, anapanga vitabu makundi mawili. Sikuuliza lipi linasafiri na lipi linabaki. Nilimwambia, "Kesho tunashuka mtoni. Nina kitu cha kukuonyesha."

Nilimwonyesha ule mtumbwi mkubwa. Aliuzunguka mara moja. Aliniangalia, akauangalia tena, akavua viatu. Mchonga mitumbwi akashika upondo, ule mti mrefu wa kusukumia, mume wangu akaingia mbele na ufito wake, wakaondoka. Mimi nikabaki ukingoni nimeshika viatu vyake.

Ng'ambo kidogo, kwenye matete, maji yalikuwa yanachezacheza. Hata mimi niliona ni samaki. Mume wangu aliona kabla yangu, nikajua kwa mabega yake. Mtumbwi ukaenda hatua kumi hivi, ukakaa kwenye mchanga. Wakausukuma, ukatoka, ukakaa tena. Akajaribu kusimama arushe kutoka pale pale, lakini tumbo la mviringo la mtumbwi likayumba, akakaa, na alipokaa mbavu zilimfika kifuani. Akarusha akiwa amekaa. Mshipi ukagonga ubao, pa! Matete yakatulia. Hakukuwa na kitu tena.

Walirudi. Alishuka polepole, akaniambia, "Mtumbwi mzuri. Ahsante, mke wangu."

"Usinidanganye!" Nilipiga kelele mbele ya yule Mmakua na mkewe. "Mbovu! Umekwama hatua kumi. Nimekununulia mtumbwi mbovu."

"Si mbovu. Ni mkubwa tu."

"Nimeununua ili usiende!" Sikupanga kusema. Ilitoka tu, na ilipotoka nilianza kulia kama mtoto, nimekumbatia viatu vyake. "Sitaki uende Ukerewe. Siwezi kumwacha mama na sitaki uende. Nakupenda, sijui nitaishije na wewe uko huko."

Mmakua alichukua redio yake akaenda kuangalia nyavu ambazo nina hakika hazikuwa na kitu. Mtani anajua pa kucheka na pa kuondoka.

Mume wangu alikaa kwenye ukingo wa mtumbwi. "Nilikuonyesha picha," akasema, "ukaendelea kushona."

"Ningesema nini?"

"Hicho hicho ulichosema sasa." Akafuta mchanga miguuni. "Nilidhani unaona sawa tu. Nikasema moyoni, huyu ana mama yake, ana mikorosho yake, ana cherehani yake. Mimi nina sahani ya bati."

Hilo neno liliniuma. Miaka yote nilimhesabia nyuzi, sikuwahi kuhesabu jioni alizosimama pale mavumbini.

"Sasa umesikia," nikasema.

"Nimesikia. Lakini sitakuambia uongo. Sijui kama nitaweza kuzeeka mbali na maji."

Hakuwa ameamua, na mimi sikuwa na kingine cha kumpa. Baadaye kidogo aliinuka. Nadhani miguu yake ndiyo iliyomwinua, si yeye. Akaenda kwenye ile mitumbwi mingine miwili akaanza kuikagua, na mimi nikamfuata kwa sababu sikuwahi kumwona akifanya jambo analolijua kuliko watu wote.

Hakugonga. Hakupima kina kwa mkono. Ule mwembamba aliuinua upande mmoja, akaurudisha. Ule bapa niliouita sinia aliuinamia, akapitisha kiganja chini yake kuanzia mbele mpaka nyuma, akanionyesha mahali mbao ilipobadilika rangi. "Unaona? Maji yamefika hapa tu. Vidole vinne. Huu unapita kwenye umande." Akapanda juu yake, akatembea kwa nyayo tupu, akasikiliza. "Samaki wa maji mafupi anasikia kisigino," akaniambia, "kwa hiyo sakafu isilie." Akasimama pembeni kabisa, ukalala kidogo na kurudi.

Mchonga mitumbwi alikuwa amerejea. "Kumbe anavua kwa kusimama!" akanilaumu. "Ungesema, dada! Si nilikuuliza?"

"Anavua kwa manyoya ya jogoo," nikasema. Sikuona tena cha kuonea aibu.

"Tatizo," mume wangu akasema, "ni upondo. Anayerusha hawezi kusukuma. Wanatakiwa wawili, mmoja mbele, mmoja nyuma." Akamwangalia Mmakua.

"Mimi nina magogo yangu, mwalimu. Leo nimekusindikiza tu."

Wote wawili wakaniangalia mimi.

"Sijui kuogelea," nikasema.

"Maji ya kiunoni," akasema mume wangu.

"Na mamba?"

"Hapa bwawani hawajaonekana msimu huu," akasema Mmakua.

"Msimu huu!"

Lakini niliingia. Nilifunga kanga juu ya magoti nikaingia, kwanza kwenye ule mwembamba, kwa sababu mume wangu alisema tuijaribu yote. Ukatikisika, nikapiga mayowe, nikatoka kabla haujaondoka. Kisha ule wangu mkubwa. Ndani yake nilijisikia salama, lakini upondo haukufika vizuri chini na sikuona tunakokwenda. Kisha ule bapa. Nilisimama nyuma. Mume wangu akasimama mbele, akinipa mgongo.

"Usisukume kwa mikono," akasema. "Chomeka mchangani, egemea, halafu ngoja uende wenyewe."

Nikachomeka. Nikaegemea. Ukaenda, bila sauti, juu ya maji ambayo niliona mchanga wake na nyayo zangu mwenyewe za muda mfupi uliopita. Nilingoja ageuke aniangalie kama naweza. Hakugeuka hata mara moja. Aliniachia mgongo wake kana kwamba nimefanya kazi ile maisha yangu yote.

"Simama," akasema kwa sauti ndogo. Nikachomeka upondo nikasimamisha. Akarusha nyuma, ukanyooka, akarusha mbele, na kinyoya kikaanguka kando ya matete. Maji yakafunguka. Alimvuta perege wa ukubwa wa kiganja, akaulowesha mkono wake kwanza, akamtoa ndoano, akamrudisha majini.

"Unamwachia?" nikamwuliza.

"Mdogo."

"Sisi tumeshuka mlima wote ule!"

Alicheka. Sikuwahi kumsikia akicheka vile, kutoka chini kabisa, na mtumbwi ukacheka naye kidogo chini ya miguu yetu. Tulirudi ukingoni, Mmakua akauliza tumeamua upi.

"Huu," akasema mume wangu.

"Kwa sababu ya vidole vinne?" nikamwuliza.

"Hapana. Kwa sababu kwenye huu umesimama bila kushika ukingo. Nilisikia kwa nyayo."

Tukabadilishana na Mmakua mtumbwi kwa mtumbwi. Aliapa kuwasimulia wajukuu habari ya Mmakonde aliyekuja kununua kisima, na nikamwambia awasimulie tu, lakini aanze na Wamakua wenzake wasiojua kusuka hata ungo.

Jua lilikuwa bado juu tulipopanda kurudi, kila mmoja kwenye bodaboda yake. Tulipofika juu, ukingoni mwa Newala, mtandao unapoanza kushika, mume wangu alimwomba dereva wake asimame. Akashuka, akatoa simu, akampigia kaka yake. Hao wawili huongea kwa Kikerewe; sijawahi kuwasikia wakiongea lugha nyingine, hata tulipokuwa wote harusini. Siku ile, nikiwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake, nimejaa vumbi mpaka kwenye kope, aliongea Kiswahili, polepole, kila neno kwa wakati wake.

"Shikamoo kaka. Kile kiwanja mpe mwanao ajenge... Hapana, siumwi... Nimepata mtumbwi huku... Mdogo, wa watu wawili... Mke wangu ndiye anayesukuma." Akasikiliza kwa muda. "Ndiyo, hajui kuogelea. Nitamfundisha."

Kisha akaninyooshea simu nimsalimie shemeji yangu. Nikaiweka sikioni, nikamsikia mzee wa watu anaita haloo, haloo, huko mbali kwao, na badala ya shikamoo nikamwambia ahsante.